Anime nzuri, wakati mbaya: niliyojifunza kwa kuwapendekezea watu wenye mawazo mengi

Naandika hii kwa sababu kuna rafiki yangu nilimuumiza kwa muvi moja tu, na nia yangu ilikuwa njema kabisa. Kama na wewe ndo yule mtu ambaye kila anayetaka anime, yaani katuni za Kijapani, anakufuata, hasa wale wakimya, wa kukaa na mawazo yao, wanaoamini dunia ingeweza kuwa nzuri kuliko ilivyo halafu wanaumia kila siku wakiona bado, basi haya makosa yangu yachukue kama yalivyo.

Nianze na mimi mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma nilifanya lile jaribio la haiba linaloitwa MBTI, maswali mengi mwishoni unapewa herufi nne za aina ya mtu ulivyo, mimi nikapata INFP, yaani mtu mkimya wa hisia na ndoto. Nikasoma maelezo yake nikakaa kimya muda mrefu. Kiukweli nililia kidogo, maana ilikuwa mara ya kwanza naona mtu ameandika kwamba kuna watu wako hivi na siyo ugonjwa wala siyo kuringa. Mpaka leo naliona lina faida yake kama kioo cha kuanzia. Ila baadaye nikaja kusoma lilikotoka: mawazo ya mwanasaikolojia Carl Jung kwenye kitabu chake cha 1921, halafu Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers wakayatengenezea maswali, na wote wawili hawakuwa wamesomea saikolojia. Watafiti wengi wanalikosoa, mtu huyo huyo akilirudia baada ya wiki chache anaweza kutoka na herufi nyingine. Nalisema mapema kwa sababu makosa yangu yote yalianzia hapo, nilizichukua zile herufi kama cheti cha daktari, kwamba huyu ni INFP basi apewe hiki.

Basi nikatafuta anime za watu kama mimi, nikakuta orodha nyingi na karibu zote zinafanana, huzuni juu ya huzuni. Kipindi hicho nilikuwa nimetoka kuachishwa kazi, silali vizuri, sipokei simu. Nikaanza na Neon Genesis Evangelion, ile ya 1995, episodi 26, Shinji ana miaka 14 baba yake hajamwona muda mrefu anamwita ghafla ili tu akapande lile dude kubwa kama roboti likapigane, na yule mtoto anajirudia mwenyewe "nisikimbie, nisikimbie, nisikimbie". Nilimaliza kwa siku tatu. Nikaunganisha na muvi yake ya 1997. Nikaenda Serial Experiments Lain ya 1998, msichana mpweke anayemezwa taratibu na mtandao. Nikamalizia na 5 Centimeters per Second ya Makoto Shinkai, saa moja na kidogo tu, lakini ile treni inayochelewa kwenye theluji niliiota wiki nzima.

Sizisemi vibaya hizo kazi, Evangelion kwangu iko juu sana mpaka leo, na Hideaki Anno mwenyewe amesema aliitengeneza akiwa ametoka kwenye miaka minne ya sonona, ndo maana kila mtu mle ndani anaongea kama mtu anayejua. Tatizo lilikuwa mimi na ule wakati. Wiki mbili nilikuwa nalala alfajiri naamka mchana, mama anapiga simu naiangalia inaita mpaka inakata, na moyoni najiambia huku ndo kujitafakari. Kumbe nilikuwa najizamisha.

Aliyenitoa ni mdogo wangu wa kiume, na yeye wala hapendi mambo ya haiba. Aliingia chumbani siku moja akafungua pazia, akaniambia, "Dada, hebu nipishe hiyo laptopu, nikuwekee kitu." Akaniwekea Mob Psycho 100.

Kwa kuangalia juujuu siyo anime ya "watu wa hisia", michoro yake iko kama imechorwa haraka daftarini, vichekesho, mapigano. Lakini Mob ni mtoto mkimya mwenye nguvu za kutisha ambaye ameamua kuzibana hisia zake zote asije akaumiza mtu, na kila zinapojaa kuna asilimia inahesabiwa kwenye skrini mpaka ifike mia. Anachotaka yeye ni kuwa mtu mzuri tu, basi, na anajiunga na klabu ya mazoezi ya mwili ambako nguvu zake hazimsaidii chochote anakimbia mpaka anazimia. Bosi wake Reigen ni tapeli, anajifanya ana nguvu hana, ila ana roho. Mwishoni mwa sizoni ya kwanza Mob amezungukwa na watu wazima waliokasirika anakaribia kulipuka, na Reigen anamwambia kwamba mambo yakizidi, kukimbia siyo kosa.

Nikaisimamisha video pale pale. Mimi nilikuwa nimetoka kukaa siku tatu na mtoto anayejiambia asikimbie, na sasa mtu mzima anamwambia mtoto mwingine kimbia mwanangu, ni sawa. Mdogo wangu akaniuliza, "Dada vipi?" nikashindwa kumjibu. Kesho yake nikampigia mama.

Sasa badala ya kujifunza pale pale kwamba nilichohitaji hakikuwemo kwenye orodha ya herufi zangu, mimi nikageuka mshauri wa watu. Kila rafiki nikamfanyisha lile jaribio, akipata INFP au INFJ, herufi za watu wanaokaribiana na mimi, namtumia majina kumi na tano kwa mkupuo. Kumi na tano! Mtu wa namna hii ukimpa vitu kumi na tano haangalii hata kimoja, anaviweka, kila akivitazama anajisikia ana deni kwako, mwisho anaanza kukukwepa. Siku hizi natoa jina moja. Akimaliza akataka kingine atasema.

Wa kwanza kunistua alikuwa binamu yangu. Alipata INFP kama mimi, herufi kwa herufi, nikampa Haibane Renmei nikiwa na uhakika kabisa. Na ngoja niizungumzie kidogo kwa sababu naipenda mno: ni ya 2002, episodi 13, msichana anaamka kutoka kwenye kifuko kama cha mdudu hakumbuki jina lake, mbawa zinamtoka mgongoni zinachana ngozi, damu, homa, na mwenzake Reki aliyetangulia kufika anakaa naye usiku kucha anamsafisha zile mbawa, unyoya kwa unyoya. Kile kiduara cha juu ya kichwa kinagoma kukaa wanakishikiza na waya. Hakuna anayeeleza ule mji ni nini, ukuta ni wa nini, walikuwa nani kabla. Na kadiri inavyokwenda unagundua Reki mwenyewe, yule anayemhudumia kila mtu, anazama. Kama wewe ni mtu wa kuhudumia wengine ili usijitazame, jiandae.

Binamu yangu alisinzia episodi ya pili. Akaniambia bila kuficha, "Mi napenda Haikyuu." Yaani mpira wa wavu! Nikaona hajielewi. Halafu nikakaa naye nikamwacha aeleze, akaniambia yule Hinata ni mfupi, kila mtu anajua mpira wa wavu ni wa warefu, lakini ameona mchezaji mfupi kwenye TV akaamini, na timu nzima inabadilika kwa sababu ya imani ya mtu mmoja. Nikabaki namwangalia. Huyu ni mtu wa ndoto safi kuliko mimi, ila yake inataka kuruka juu, haitaki kukaa dirishani kwenye mvua. Tangu siku hiyo nikiambiwa mtu ana haiba fulani nauliza na kingine, mara ya mwisho alichangamshwa na stori gani na kwa nini, maana jibu la hilo linanipa zaidi ya herufi zote nne.

Nije kwenye lile lililonifanya niandike.

Rafiki yangu wa tangu shule, mtu wa huruma sana, wa kukumbuka siku za watu, wa kuumia kwa maneno uliyomwambia mtu mwingine kabisa. Aliniomba kitu cha kuangalia wikiendi. Sikumuuliza chochote. Nikampa A Silent Voice, ile muvi ya 2016 iliyoongozwa na Naoko Yamada akiwa studio ya Kyoto Animation, kuhusu Shoya aliyemwonea mwenzake kiziwi shuleni anayeitwa Shoko, na miaka baadaye anamtafuta amwombe msamaha. Muvi nzuri mno kuhusu kujichukia na kujisamehe. Ujumbe wangu kwake nakumbuka neno kwa neno: "Utalia vizuri sana, niamini."

Kama hujaiona, inaanza na Shoya anaacha kibarua, anachana kurasa za kalenda, anamwachia mama yake aliyelala pesa pembeni ya mto wa kulalia, anaelekea darajani. Anajiandaa kufa. Na mbele huko, usiku wa fataki, kuna tukio lingine la kujaribu kujiua, zito zaidi kwa sababu linakuja pale unapodhani mambo yametulia.

Nilikuwa najua kaka wa rafiki yangu alifariki. Sikuwa najua alifariki vipi. Sikuwahi kuuliza na yeye hakuwahi kusema, ni mtu wa kubeba mwenyewe.

Alinitumia ujumbe mmoja usiku ule. "Ungeniambia." Basi. Nikapiga hakupokea, nikaandika maneno mengi hakujibu, miezi miwili tukawa tunasalimiana kwenye kundi la marafiki kama watu waliokutana kituoni. Nilijitetea moyoni kwanza, sikujua, ningejuaje, muvi ina sifa dunia nzima. Ilinichukua muda kukubali kwamba sikuhitaji kujua habari za kaka yake. Nilihitaji tu kumwambia, kuna matukio mawili ya mtu kutaka kujiua humu, moja mwanzoni kabisa na moja kuelekea mwisho, angalia kama uko sawa nalo. Sentensi moja. Haiharibu stori hata kidogo. Mimi nilibana kwa sababu nilitaka ashtuke, nilitaka machozi yake yawe ushahidi kwamba nachagua vizuri.

Hilo la machozi naomba nilikazie kidogo. Sisi tunaopenda anime za hisia tuna hii tabia ya kupima uzuri kwa machozi, "hiyo nililia episodi tatu mfululizo, lazima uione". Kwa mtu ambaye tayari anabeba huzuni za watu wote waliomzunguka hiyo siyo sifa, unamwongezea mzigo. Wapo wanaopata nafuu wakilia, na wapo wanaokauka zaidi. Kwa hiyo siku hizi kabla sijataja jina lolote nauliza mambo matatu, kwa maneno ya kawaida, siyo kama daktari: unalala vizuri siku hizi? kuna kitu gani hutaki kabisa kukutana nacho sasa hivi? una muda gani, dakika ishirini kabla ya kulala au siku nzima? Hili la pili wengi wanajibu haraka kuliko nilivyotegemea, kama vile walikuwa wanasubiri mtu awaulize: sitaki msiba wa mtoto, sitaki mama mgonjwa, sitaki vita. Huhitaji sababu. Unaenda kutafuta kisichokuwa nacho.

Asiyelala vizuri nampa Mushishi au Natsume Yuujinchou. Hizi mbili zinafanana kwa mbali, zote kila episodi karibu inasimama yenyewe kwa hiyo hakuna kamba ya kukuvuta ukeshe. Mushishi ni ya 2005, episodi 26, Ginko anatembea milimani na sanduku mgongoni anatibu watu walioguswa na viumbe vidogo visivyo vyema wala vibaya, vipo tu kama ukungu ulivyo. Hafuati adui, hahukumu. Lakini usifanye nilivyofanya mimi, niliangalia tisa usiku mmoja nikaona zote zinafanana nikaiacha mwaka mzima. Moja kwa usiku, taa imezimwa, halafu lala. Na ijulikane kwamba baadhi zinaishia pabaya kwa upole, siyo kila anayetibiwa anapona.

Natsume ndo nyepesi zaidi kwa moyo. Mtoto yatima aliyehamishwa hamishwa kwa ndugu kwa sababu anaona viumbe wasioonekana na wengine na watu wanamwona mwongo, sasa amepata familia ya wazee wapole wasiomuuliza sana. Bibi yake Reiko aliwashinda hao viumbe zamani akachukua majina yao akayaweka kwenye kitabu, na Natsume anayarudisha jina moja baada ya jingine, anaishika ile karatasi mdomoni anapuliza wino unatoka kama moshi unarudi kwa mwenyewe, na jina linapotoka anaona kumbukumbu za yule kiumbe. Kuna paka mnene anamlinda kwa masharti. Kila ninayemjua ambaye amekua akiogopa kuwa mzigo kwa watu, hii imemshika.

Baada ya miezi miwili nilimwandikia rafiki yangu barua, ndefu, ya mkono, nikapiga picha nikamtumia. Sikujitetea. Akajibu siku ya tatu. Akaniambia habari za kaka yake, kwa mara ya kwanza, na mimi nikasoma tu. Sikumpendekezea kitu. Ni yeye aliyekuja kuuliza baada ya muda, "una kitu ambacho hakuna mtu anakufa?" nikamwambia ipo moja ya upole, vifo vimo vichache ila siyo vya kutisha, nitaangalia na wewe, nikamwekea Natsume, episodi moja moja, tukiwa tumekaa pamoja mimi simu nimeizima.

Kukaa pamoja kumenifundisha vingi. Ukimwangalia mtu badala ya kumuuliza unaona pale anapoinamia simu na pale anaposahau kumeza mate. Usimwambie "subiri hapa sasa, hapa ni pazuri", unamnyang'anya. Na kama mko mbali usimuulize kila siku amefika wapi. Akimaliza usimuulize kama ni nzuri, maana watu hawa watakwambia nzuri ili usijisikie vibaya, muulize ni tukio gani limebaki naye. Hapo ataongea.

Mama mdogo ndo aliyenishangaza kuliko wote. Mtu mzima, mjane, mkimya, anaandika mashairi kwenye daftari hampi mtu. Alikuwa anasema katuni ni za watoto. Nikamwomba dakika ishirini na tano tu nikamwekea Frieren, ile ya 2023. Inaanzia pale stori nyingine zinapoishia, mashujaa wamerudi washindi baada ya safari ya miaka kumi, na Frieren ni wa jamii inayoishi zaidi ya miaka elfu kwa hiyo miaka kumi kwake ni kama wiki. Anaondoka, anarudi baada ya miaka hamsini, Himmel, yule shujaa aliyewaongoza, amekuwa mzee, muda si mrefu anafariki. Na pale kaburini Frieren analia, anasema alikuwa naye miaka kumi tu, kwa nini hakujaribu kumjua zaidi.

Mama mdogo alinyamaza. Halafu akasema, "Mwanangu, mimi nilikaa naye ishirini na mbili." Tukaacha pale siku hiyo. Kesho yake alinitafuta mwenyewe, ikaendelea mpaka episodi 28. Tulipata shida moja ambayo sikuifikiria, maandishi ya tafsiri yanapita haraka na macho yake yanachoka, tukahamia kwenye toleo lenye sauti za Kiingereza ambacho anakielewa, na wale mashabiki wanaosema ukiangalia hivyo hujaangalia nawaomba wanyamaze kabisa, mtu mzima anaumwa macho. Sasa na hili liulize mapema.

Kwa vijana wenye hasira ya haki, ambao nao ni watu wa ndoto ila zimegeuka moto, nina anime moja na sharti moja. Mdogo wangu yule yule alikuwa kwenye kikundi cha kujitolea akagundua viongozi wanakula michango, akatoka, akawa haamini mtu, kila mada anamalizia kwa "wote wale wale". Nikampa Vinland Saga. Sizoni ya kwanza ya 2019, episodi 24, Thorfinn anataka kumuua aliyemuua baba yake, damu mwanzo mwisho. Nilikosea kumwacha aanze bila maelezo kwa sababu ile hasira aliipenda sana, akawa anaongea kama Thorfinn, alipofika mwisho akataka kuacha kabisa maana sizoni ya pili watu wanalima. Nikamwambia ukiacha hapa hujaiona. Ya pili, 2023, Thorfinn ni mtumwa shambani, mtupu ndani, anaanza kupanda ngano na rafiki mmoja, anaota ndoto za watu aliowaua. Na kule mwishoni, ili tu aruhusiwe kuongea na mfalme, anakubali kupigwa ngumi mia bila kurudisha, na anasema hana maadui. Mdogo wangu alikaa na hiyo sentensi wiki nzima, akabishana nayo, akaniambia ni ujinga, akarudi akaniambia siyo ujinga. Siku hizi anafundisha watoto hesabu Jumamosi, na kikundi chochote hataki. Kwa hiyo sharti ni hilo, sema mapema kwamba ya kwanza ni njia tu, na mwenye kuogopa damu au utumwa usimpe kabisa.

Violet Evergarden nayo niliiharibu kwa watu watatu kabla sijashtuka. Kila mtu anajua episodi ya kumi, mama mgonjwa anayemwandikia binti yake barua za siku za kuzaliwa za miaka hamsini ijayo, na mimi nilikuwa natuma watu moja kwa moja hapo. Walilia, wakaendelea na shughuli zao. Bila zile tisa za mwanzo hujui kwamba Violet alilelewa kama silaha ya vita na hakuwa anaelewa hata neno nakupenda maana yake nini, kwa hiyo hujui kwamba yale machozi yake ofisini, baada ya kujizuia siku zote saba mbele ya yule mtoto, ndo stori yenyewe. Ipewe kwa mpangilio, na mwenye mama mgonjwa asipewe sasa.

Wanaotengeneza vitu, waandishi, wachoraji, wale wanaoumia kwa sababu kilichomo kichwani ni kizuri kuliko kinachotoka mkononi, hao nawapa Kiki's Delivery Service ya 1989, kwa ajili ya sehemu moja: Kiki amepoteza uwezo wa kuruka hajui kwa nini, na yule dada mchoraji wa msituni anamwambia hata yeye kuna wakati hawezi kuchora, anaacha, anatembea, anasinzia, hafanyi kitu. Halafu Whisper of the Heart ya 1995, Shizuku anaandika hadithi yake ya kwanza usiku na mchana mpaka maksi za shule zinashuka, anampelekea mzee akiwa anatetemeka, na mzee anampa jiwe lenye kito ndani ambacho bado hakijasuguliwa. Mwongozaji wake Yoshifumi Kondo aliongoza muvi ndefu hiyo moja tu, akafariki 1998. Mimi niliiangalia nikatoa daftari langu kabatini siku hiyo hiyo.

Rafiki yangu tulimaliza Natsume sizoni ya kwanza, tukaingia Sangatsu no Lion, hii nilimweleza kila kitu kabla: Rei ni yatima, familia yake ilikufa ajalini, ana miaka 17 anacheza shogi, mchezo wa Kijapani unaofanana na chess, kwa kulipwa, anaishi peke yake kwenye chumba kitupu kando ya mto, kuna huzuni nzito, na kuna uonevu wa shule sizoni ya pili. Akafikiri siku mbili akasema sawa. Alichokuwa anasubiri kila mara ni ile nyumba ya dada watatu ng'ambo ya mto, taa za njano, paka, kelele. Ilipofika pale Hina, mtoto wa kati, anaonewa darasani kwa sababu alimtetea mwenzake, analia njiani lakini anasema alichofanya hakikuwa kosa, rafiki yangu alinishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaingia. Sikusema kitu.

Mwaka na nusu baada ya ule ujumbe, jioni moja, akaniambia, "Ile muvi. Tuimalizie." Nikamuuliza una uhakika, akasema anataka kuona yule kijana anaishia wapi, alimwacha palepale kwenye fataki. Tukaanza upya kabisa. Rimoti nilimpa yeye. Zilipoanza fataki aliweka kidole kwenye kitufe cha kupozi, akakiacha pale hapo juu bila kubonyeza, ikapita, akavuta pumzi. Muvi nzima watu kwenye nyuso zao wana alama ya X kwa sababu Shoya hawezi kuwatazama, na mwishoni kabisa zile alama zinadondoka zote kwa pamoja, sauti za watu zinarudi, na yeye analia katikati ya umati.

Maandishi ya mwisho yakapita yote. Tulikaa gizani. Baadaye akageuka akaniuliza, "Yule wa kurudisha majina, tuliangalia sizoni moja tu, si ndiyo? Zimebaki ngapi?"

"Sita."

"Weka."